Nani Kaiua Betri?

Betri ya pikipiki ndiyo spea inayohukumiwa haraka kuliko zote. Asubuhi dereva anabonyeza stata, inalia tak-tak-tak, basi: betri imekufa. Hakuna aliyepima kitu. Ikifika saa nne betri mpya imeshafungwa na dereva amerudi kijiweni kusubiri abiria. Miezi mitano baadaye stata inalia tak-tak-tak tena, na safari hii lawama zinakwenda kwa muuza duka: kauza feki.

Huenda kweli kauza feki, na nitafika huko. Lakini betri nyingi zinazotupwa mijini mwetu hazikufa kwa ubovu wao. Ziliuliwa na kitu kilichobaki ndani ya pikipiki, au na tabia ya anayeiendesha, na kitu hicho hakiondoki kwa kununua betri nyingine. Kinaisubiri inayofuata. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia namna ya kubadilisha betri, inabidi tujue namna betri inavyokufa.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na ushee. Ndani ya kila chumba kuna sahani za risasi za aina mbili, zimezama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza ya aina hii mwaka 1859, na mwaka 1881 Camille Faure, Mfaransa mwenzake, akaiboresha kwa kupaka sahani uji mzito wa risasi ili zishike chaji nyingi zaidi. Tangu hapo maboksi yamebadilika, kemia ni ileile. Betri inapotoa umeme, asidi inaingia kwenye sahani na kuzifunika kwa sulfeti ya risasi, ambayo ni aina ya chumvi, huku majimaji yakizidi kuwa mepesi. Inapochajiwa, chumvi inayeyuka na asidi inarudi kwenye maji.

Chumvi hiyo ikiwa changa ni laini, inarudi bila shida. Ikiachwa wiki kadhaa inakomaa na kuwa fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haizivunji, na sehemu ya sahani iliyofunikwa na fuwele imeshatoka kazini. Ndiyo maana betri inaweza kuwasha taa na kupiga honi vizuri kabisa, halafu ikashindwa kuzungusha injini. Taa inadai ampea chache. Stata inadai makumi ya ampea kwa mkupuo, na sahani zilizobaki hai hazitoshi kuzitoa. Ile tak-tak-tak ni relei ya stata inayofunga na kuachia, inafunga na kuachia, kwa sababu kila inapofunga volti zinaporomoka.

Kwa hiyo muuaji wa kwanza ni kukaa bila kujaa. Betri ya pikipiki haipendi kuishi nusu. Hapa kuna hesabu inayowashangaza hata madereva wa siku nyingi.

Wengi wanaamini stata ndiyo inayomaliza betri, na wapo wanaoiacha pikipiki ikiunguruma kijiweni ili wasiiwashe tena. Tuseme stata ya pikipiki ya cc 125 au 150 inavuta ampea 40, na injini inashika baada ya sekunde mbili. Hizo ni ampea-sekunde 80. Betri ya 7Ah, yaani ampea-saa saba, iliyojaa ina ampea-sekunde 25,200. Kuwasha mara moja, basi, kunachukua chini ya sehemu moja ya mia tatu ya akiba yote. Sasa chukua redio yenye spika mbili, mistari ya taa za urembo chini ya kiti, na simu inayochajiwa: kwa jumla tuseme wati 24, yaani ampea mbili. Saa moja ya starehe hiyo injini ikiwa imezimwa inakula ampea-sekunde 7,200. Umewasha stata mara tisini bila kuigusa.

Ukishaiona hesabu hiyo, kijiwe kinabadilika machoni pako. Pikipiki zimepangwa kivulini, mbili au tatu zinapiga muziki, funguo ziko kwenye swichi, injini zimelala. Anakuja abiria wa kwenda kituo cha daladala, kilomita moja na nusu. Injini inawashwa, inakimbia dakika nne, inazimwa, muziki unaendelea. Dakika nne hazirudishi kilichotumika katika saa moja. Siku nzima inakwenda hivyo, na jioni taa kubwa inawashwa juu ya akiba iliyopungua.

Umeme wa kuchaji unatoka kwenye koili zilizo ubavuni mwa injini, karibu na sumaku inayozunguka, ambayo mafundi huiita magneti. Kadiri injini inavyozunguka kwa kasi ndivyo koili zinavyotoa zaidi. Ikiunguruma polepole, zinatoa haba. Kwenye foleni ya usiku pale Ubungo, Dar es Salaam, taa ya mbele ya wati 35 inawaka, taa ya breki inawaka kwa sababu mguu haujatoka kwenye pedali, indiketa imeachwa ikikonyeza, na injini haizunguki vya kutosha. Betri inaweza kuwa inatoa kuliko inavyopokea, ingawa pikipiki imewashwa na dereva anaamini anachaji. Anayetoka Chalinze kwenda Morogoro kwa mwendo wa kawaida anaijaza betri yake bila kufikiria. Anayezunguka mitaa ya Sinza kutwa nzima anaweza kurudi nyumbani na betri pungufu, na kilomita alizokimbia zikawa nyingi kuliko za mwenzake.

Kuna wizi mdogo zaidi, wa kimyakimya. Pikipiki nyingi za mkataba zimefungwa kifaa cha GPS ili mwenye mali ajue chombo chake kiko wapi, na nyingine zina alamu. Vifaa hivi vimeunganishwa moja kwa moja na betri na vinakula hata ufunguo ukiwa mfukoni. Miliampea 20 hazionekani kuwa kitu, lakini kwa siku ni karibu nusu ampea-saa, na betri ya 7Ah inakauka ndani ya wiki mbili. Dereva anayetembea kila siku hatajua. Siku pikipiki ikikamatwa na kulazwa uani kwa polisi, juani, atakapokwenda kuikomboa baada ya mwezi atalipa faini na betri juu yake. Hata bila kifaa chochote, betri ya maji ya kawaida hupoteza yenyewe karibu asilimia moja ya chaji kwa siku, na kwenye joto inapoteza zaidi. Ukijua pikipiki itakaa, chomoa waya wa hasi. Ni kazi ya spana moja.

Tukifika kwenye joto, ushauri wa matunzo uliomo kwenye vitabu vya nchi za baridi unatufaa nusu tu. Kule wanahangaika na namna ya kuihifadhi pikipiki miezi ya theluji, na asubuhi ya baridi ndiyo inayoidhihirisha betri dhaifu. Kwetu pwani, stata asubuhi ina kazi nyepesi, kwa hiyo betri dhaifu inajificha muda mrefu. Lakini joto linaila ndani kwa ndani. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, uchakavu wa sahani unakwenda mara mbili. Betri ambayo ingeishi miaka minne kwenye nyuzi 25 itegemee miwili kwenye 35. Na hiyo 35 si joto la hewani bali la betri yenyewe, iliyo nyuma ya kifuniko cha pembeni, jirani na injini, chini ya kiti cheusi kilichoachwa juani. Kuegesha kivulini ni matunzo ya betri, tena ya bure.

Joto pamoja na kuchajiwa huondoa maji. Asidi haiondoki, kinachopungua ni maji tu, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji tu, yaliyosafishwa, yasiyo na madini. Kwenye betri inayofunguliwa, ubavu wake una mistari miwili, wa juu na wa chini, na majimaji yanapaswa kuwa kati yake katika vyumba vyote sita. Sahani zikitoka nje ya maji, sehemu ile iliyokauka haifufuki. Tatizo ni kwamba dukani na kwenye vituo vya mafuta kuna chupa mbili zinazofanana, zote za betri, moja ikiwa na asidi ya betri mpya na nyingine maji safi ya kuongezea. Anayeongeza asidi kila majimaji yanapopungua anaifanya kuwa kali zaidi na zaidi mpaka inakula sahani. Betri hiyo huonyesha volti nzuri siku mbili tatu, na hapo ndipo dereva anaapa kuwa dawa imekubali. Maji ya bomba, ya kisima, au ya kunywa ya chupa yana chumvi zake, nayo huharibu taratibu. Soma lebo, chupa isiyo na lebo iache.

Lakini mshukiwa mkuu kuliko wote ni regulata. Hiki ni kile kidude chenye mapezi ya kupoza kinachopokea umeme wa koili, kuugeuza uwe wa njia moja, na kuuzuia usipite kiwango. Ikidhoofika upande mmoja, haichaji na betri inadumaa. Ikiharibika upande mwingine, inaachia volti zote, na betri inachemka. Dalili za kuchemka hazifichiki: harufu kama ya yai bovu, ubavu wa betri uliovimba, balbu zinazoungua mara kwa mara, na maji yanayopungua upesi. Ukiona unaongeza maji kila wiki mbili, usijisifu kwa utunzaji. Nenda kapime.

Kupima kwenyewe ni kazi ndogo mno, na inashangaza kwamba mafundi wengi wana jeki, wana mashine ya kusagia, lakini testa ya kupimia volti wanaazima. Namba tatu zinatosha kutoa hukumu. Ya kwanza ichukuliwe asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha: betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.4 imepungua robo, ikisoma 12.0 iko karibu na sakafu. Ya pili ichukuliwe wakati stata inazunguka: ikiporomoka chini ya 9.5 wakati mwanzoni ilisoma vizuri, hapo betri yenyewe ndiyo mbovu. Ya tatu ndiyo inayosahaulika. Washa injini, ongeza mafuta kiasi cha mwendo wa kawaida, pima tena kwenye nguzo za betri. Inapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5, au zaidi kidogo. Ikibaki 12 na kitu, betri haipokei chochote, na shida iko kwenye koili, regulata, au soketi ya waya iliyoungua katikati. Ikipita 15, regulata imeshindwa kazi na itaiua betri yoyote utakayoweka, hata ya bei mbaya.

Mazungumzo yanayofuata nimeyasikia kwa sura nyingi gereji.

"Fundi, nifungie betri. Hii imekufa."

"Nani kakwambia imekufa, dogo?"

"Stata haipigi."

"Ngoja tupime kwanza."

"Aah, kaka, nina abiria ananisubiri. Wewe funga tu."

Na fundi anafunga, kwa sababu kupima hakulipwi na kufunga kunalipwa. Siwezi kumlaumu sana. Lakini fundi rewaya mzuri, yule wa umeme, atakataa kufunga betri mpya kabla hajaona namba ya tatu, na huyo ndiye wa kumshika.

Sababu nyingine ya betri kupuuzwa haiko kwenye umeme kabisa, iko kwenye makubaliano. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mtu mwingine: dereva anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, au yuko kwenye mkataba ambao mwishoni chombo kinakuwa chake. Mafuta na pancha ni za dereva. Injini ikifa ni ya mwenye chombo. Betri inaangukia katikati. Dereva wa hesabu haoni kwa nini anunue kitu kitakachobaki kwa bosi. Bosi haoni kwa nini anunue kitu kinachomalizwa na muziki wa dereva. Wakivutana, pikipiki inaendelea kutembea kwa kiki. Dereva wa mkataba aliyebakiza miezi michache anaitunza zaidi, na sina haja ya kueleza kwa nini. Ushauri wangu kwa wenye vyombo ni kuiandika betri kwenye makubaliano tangu mwanzo: nani ananunua, baada ya muda gani, na nani anawajibika ikifa kabla ya hapo.

Kiki yenyewe inahitaji kusemwa. Kwenye pikipiki nyingi za kabureta, injini inawaka kwa kiki hata betri ikiwa haina kitu, kwa sababu moto wa plagi unatoka kwenye koili yake yenyewe. Si zote, nyingine moto wa plagi unategemea betri, na zile za sindano za mafuta zinahitaji volti za kutosha kuendesha pampu, hivyo hata kuzisukuma kwa gia ya pili hakusaidii betri ikiwa imekauka. Kwa zile zinazokubali, dereva anasema: betri ya nini, miguu ninayo. Hatari yake iko hapa: betri, mbali na kuhifadhi umeme, inatuliza mawimbi ya volti yanayotoka kwenye regulata. Ikiwa imekufa au imetolewa kabisa, mawimbi hayo yanakwenda moja kwa moja kwenye balbu, kwenye regulata, kwenye kisanduku cha moto. Aliyeokoa bei ya betri anaanza kununua balbu, halafu regulata. Usiku indiketa hazikonyezi na taa ya breki haionekani, na lori la nyuma halijui kwamba umebana breki.

Tuseme sasa umepima, na hukumu imetoka: betri ni mbovu kweli. Usiikimbilie ya kwanza utakayoiona.

Namba zilizoandikwa kwenye betri ya zamani ndizo mwongozo: volti, ampea-saa, na upande ilipo nguzo ya chanya. Madereva huuliza kama wanaweza kuweka kubwa zaidi ili wapige muziki zaidi. Ikitosha kwenye kikapu chake na nyaya zikafika bila kuvutwa, haitaharibu kitu mara moja. Lakini kuweka simtanki la lita elfu mbili chini ya bomba linalotoka matone hakukuongezei maji. Koili ni zilezile, na betri kubwa isiyojaa inaanza kukomaza chumvi ileile tuliyoizungumzia. Anayetaka muziki apunguze kwanza taa za urembo.

Kuhusu feki, mzani ni shahidi mzuri. Sehemu kubwa ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ndiyo gharama, kwa hiyo mdanganyifu anapunguza hapo: sahani nyembamba, chache, ndani ya boksi lilelile. Betri mbili za ukubwa mmoja na namba moja, moja ikiwa nyepesi waziwazi, chukua nzito. Kama duka la jirani linauza mchele, omba mzani wao. Watakucheka, waache wacheke.

Kuna betri zinazofunguliwa na kuongezwa maji, na kuna zilizofungwa ambazo wengi huziita betri kavu. Hizo nazo zina asidi, ila imenyonywa na matandiko ya nyuzi laini za kioo yaliyo katikati ya sahani. Haziongezwi maji, hazimwagiki kirahisi, na zinapoteza chaji polepole zaidi zikikaa. Udhaifu wake ni kwamba hazisamehi regulata mbovu: maji yakishatoka kwa kuchemshwa hakuna mlango wa kuyarudisha. Iliyojazwa asidi kiwandani ipimwe dukani kabla ya kulipa. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafu muda mrefu, mwambie akupe nyingine. Za lithiamu pia zipo, nyepesi ajabu, lakini kwa pikipiki ya kazi yenye regulata ya kubahatisha sizipendekezi.

Lakini kosa kubwa kuliko yote hufanyika ndani ya saa moja ya kwanza, mara nyingi mbele ya macho ya mnunuzi. Betri ya maji inauzwa ikiwa kavu, na asidi yake pembeni. Muuzaji anamimina asidi, anafunga vifuniko, fundi anaifunga, "washa bosi," injini inanguruma, kila mtu anafurahi. Stata inapiga kweli, kwa sababu sahani zilitoka kiwandani zikiwa na chaji. Ila haijajaa, iko kama asilimia 80, na ikianza maisha hapo, ikaenda moja kwa moja kwenye safari fupi na muziki wa kijiweni, ule uwezo uliobaki haitaupata tena.

Utaratibu sahihi unadai uvumilivu wa nusu siku. Asidi ijazwe mpaka mstari wa juu, betri iachwe itulie angalau nusu saa, na vizuri zaidi saa nzima, ili sahani zinywe. Kiwango kitashuka, ongeza asidi mpaka mstari, na hiyo ndiyo mara ya mwisho katika maisha ya betri hiyo kuonja asidi. Kisha ichajiwe taratibu, kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: 7Ah kwa ampea 0.7, 5Ah kwa ampea 0.5, kwa saa tatu hadi tano au kama karatasi yake inavyoelekeza, vifuniko vikiwa vimelegezwa, mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, maana hewa ya hidrojeni inayotoka inalipuka. Anayekuchajia kwenye kibanda cha betri za magari, aliyezipanga zote kwenye chaja moja ya moto mkali mpaka asubuhi, anaipika yako. Uliza kama ana chaja ndogo. Kama hana, tafuta mwingine.

Wakati wa kufunga, angalia kitundu cha hewa. Betri mpya huja na kizibo kidogo mahali panapochomekwa mpira wa kutolea hewa; kisipotolewa, hewa inakosa njia na boksi linaweza kupasuka. Mpira wenyewe ushuke mpaka chini, mbali na mnyororo, kwa sababu mvuke wa asidi unakula chuma. Ukitoa betri ya zamani, anza na hasi. Ukifunga mpya, anza na chanya, hasi ifuate. Bodi nzima ya pikipiki ni hasi, kwa hiyo spana ikiteleza kwenye chanya na kugusa bodi wakati hasi bado imefungwa, utaona cheche ambayo hutaisahau. Nati zikazwe zisicheze, halafu paka grisi kidogo. Unga mweupe au wa kijani utakaoota siku za mbele unasafishwa kwa maji ya magadi na mswaki wa zamani, vifuniko vikiwa vimefungwa kabisa, kwani tone la magadi likiingia ndani linaua asidi. Betri isiyobanwa na mkanda wake inarukaruka kila shimo, na unga wa sahani unapukutika hadi chini. Kwenye barabara zetu za vumbi na matuta huyu ni muuaji kamili, ingawa dawa yake ni kipande cha mpira.

Ikipita njia hiyo, betri ya pikipiki ya mtu binafsi hufika miaka mitatu na mara nyingine minne. Ya bodaboda, ikifika miwili, imefanya kazi yake vizuri.

Inabaki ya zamani. Ina kilo mbili hivi, nyingi zikiwa risasi, na risasi ina soko, kwa hiyo haikai mtaani. Wanunuzi wa chakavu wanaichukua kwa kilo, na kwa kuwa hawataki kulipia maji, baadhi humwaga asidi mtaroni kwanza, kisha wanaipasua kwa shoka. Mabaki yanakwenda kuyeyushwa. Kinachoweza kutokea huko kilionekana Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kupaza sauti pamoja na majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo betri iliyokufa usiivunje nyumbani kutafuta risasi ya kutengenezea chubwi za nyavu, wala usiigeuze kumwaga asidi. Isimamishe wima kwenye beseni la plastiki, mbali na watoto, mpaka siku ya kwenda dukani. Wauzaji wengi wanaipokea na kupunguza bei ya mpya, lakini mpaka udai. Ukiwa na maduka mawili yanayotoa punguzo sawa, waulize wote wanaipeleka wapi, na mpe anayeweza kujibu.